Upepo Una Jina na Una Mahali Pake

Msimu wa Kusi unapopamba, taarifa ya hali ya bahari inayosomwa redioni huwa na sura moja. Husema kwamba upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita mbili yanatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani. Kisha hutajwa mikoa tangu Tanga hadi Mtwara, pamoja na visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Kisha watumiaji wa bahari hushauriwa wachukue tahadhari. Msomaji hugeuza karatasi, akaingia kwenye habari za michezo.

Sentensi hiyo haina uongo ndani yake. Kasoro yake ni kubwa kuliko uongo: haiwezi kukanushwa. Pwani ya Tanzania Bara peke yake ina urefu wa zaidi ya kilomita 800. Katika masafa hayo, kwa siku yoyote ya mwezi wa Julai, ni shida kukosa pahala ambapo upepo umefika kasi hiyo japo kwa saa moja. Basi taarifa imesadikika. Na siku ambayo bahari yote imelala kama mafuta katika sahani, bado neno "baadhi" humwokoa aliyeiandika, maana hakusema ni baadhi ipi. Nahodha anayengoja bandarini ajue kama ang'oe nanga au alale, hakuambiwa kitu.

Usahihi wa utabiri wa upepo wa pwani haupimwi kwa tarakimu peke yake. Upepo wa bahari kuu unaweza kutajwa kwa tarakimu moja ukaeleweka. Wa pwani hauwezi. Una mahali pake, una saa yake, una upande unakotoka, na una jina. Taarifa inayoviacha vitu hivyo vinne si sahihi, hata kama kipimo chake hakikukosea kilomita moja. Na kwa kuwa vyote humfikia mtu kwa njia ya maneno, kasoro ya maneno hapa ni kasoro ya sayansi yenyewe. Haifai kuachiwa washairi kana kwamba ni jambo la mapambo.

Anza na mahali. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa takriban kilomita 85, nacho kimelala kutoka kaskazini kwenda kusini. Hakina milima, hata sehemu zake za juu kabisa hazifiki mita 150. Hata hivyo chatosha kuizuia bahari. Kusi linapotoka kusini-mashariki, Paje na Jambiani hupigwa kifuani, ilhali bandari ya Mjini, iliyo upande wa demani, hupata upepo uliokwisha kuchoshwa na miti na nyumba, na maji yaliyokosa nafasi ya kuumuka. Anayesimama Forodhani huona bahari ya watoto kujirusha na kuogelea. Chombo kinachoelekea Dar es Salaam hukutana na Kusi lenyewe kinapofika Chumbe, maana hapo kivuli cha kisiwa kinakwisha na mlango wa bahari unafunguka upande wa kusini. Tena upepo ukigeuka kidogo tu, ukaacha kusini-mashariki ukatoka kusini halisi, kivuli hicho huondoka kabisa, kwani sasa upepo unapita kwa urefu wa mlango wa bahari na mawimbi yana masafa marefu ya kukulia. Kasi ni ileile, bahari si ileile.

Ongeza maji. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hufika takriban mita nne. Maji yanapokupwa, nusu ya kusini ya mlango wa bahari hutiririka kwenda kusini, yakakabiliana na Kusi uso kwa uso. Mawimbi husimama, yakawa mafupi na makali. Yakianza kujaa, mkondo na upepo huwa njia moja, na bahari hupoa ingawa upepo haukupungua. Upande wa Pemba yapo mengine. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima, hivyo ni Kaskazi, upepo unaosifiwa kwa upole, ndio unaopingana nao. Mabaharia wa njia hizi wanayajua haya bila kuambiwa. Taarifa moja ya saa ishirini na nne, kwa pwani nzima, haina pa kuyaweka.

Tarehe 18 Julai 2012, meli ya MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja, ilipinduka na kuzama karibu na Chumbe katika upepo mkali wa Kusi. Ilikuwa meli iliyojengwa Marekani mwaka 1989, na kwa miaka mingi ilivusha watu katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington. Si kila msiba wa bahari ni wa upepo. MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi, ilikuwa imelemewa na watu na mizigo, na asije mtu akautwika upepo dhambi hiyo. Hata kwa Skagit, maswali ya uzima wa chombo na ruhusa ya kusafiri yabaki mahali pake. Lakini mtu autazame ule mji wa maji ilipopinduka. Ni palepale kivuli cha kisiwa kinapokwisha. Sentensi ya "baadhi ya maeneo" haina uwezo wa kumwonyesha abiria wala nahodha pahala pale, mwaka ule wala mwaka wowote.

Wapo wasemao kwamba tofauti ya kilomita kumi kwa saa si kitu. Hawa hawajashika demani mkononi. Nguvu ya upepo juu ya tanga haikui sawasawa na kasi yake, bali kwa mraba wa kasi hiyo. Upepo wa kilomita 40 husukuma mara nne ya upepo wa kilomita 20, wala si mara mbili. Kutoka 30 hadi 40, hatua ambayo masikio ya ofisini huiona ndogo, nguvu huongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Ngalawa iliyokuwa ikienda vizuri chini ya tanga zima sasa inalazimu kupunguziwa tanga, au kurudi. Basi kosa dogo katika kasi huzaa kosa kubwa katika hatari, na neno "unaofikia" linafunika mengi: je, ni wastani, au ni mpigo wa ghafla? Desturi ya kimataifa hupima upepo mita kumi juu ya ardhi na kuchukua wastani wa dakika kumi. Mipigo hupita wastani huo kwa mbali. Anayepinduliwa hapinduliwi na wastani.

Saa nayo ina hukumu yake. Alfajiri, nchi kavu ikiwa imepoa, umande huvuma kutoka barani kwenda baharini, upepo mwembamba ambao wavuvi wa Bagamoyo na Kunduchi wamekuwa wakitokea nao tangu zamani. Jua likipanda, nchi hupata moto, hewa huinuka, na bahari hupeleka upepo wake pwani. Wakati wa Kaskazi, upepo huo wa mchana huungana na msimu katika pwani ya bara, ukawa na nguvu alasiri kuliko asubuhi. Hivyo mtu mmoja anaweza kutoka kwa umande, akavua katika shwari, akarudi kwa upepo wa kumtoa jasho, vyote katika siku moja iliyotabiriwa kwa tarakimu moja. Wazee waliupa kila mmoja jina lake: umande, matlai, Kaskazi, Kusi, na maleleji ya tanga mbili, pale pepo zinapobadilishana zamu na mtu haamini upande wowote. Hayo yalikuwa maelezo ya saa, ya upande na ya msimu, yaliyofungwa kila moja katika neno moja.

Lakini haki itendeke kwa wenye vipimo. Kazi yao katika maji haya ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, na sababu zake si uvivu. Upepo wa bahari leo hupimwa zaidi kutoka juu. Rada iliyo ndani ya setilaiti huona ukwaru wa uso wa maji na kukisia upepo ulioukwaruza. QuikSCAT, iliyorushwa mwaka 1999 na kupima hadi 2009, iliikata bahari vipande vya kilomita 25. Vipimo vya ASCAT, vilivyorushwa na setilaiti za MetOp kuanzia 2006, vimeshusha kipande hadi kilomita 12.5. Kwa Bahari ya Hindi iliyo wazi hiyo ni neema tupu. Karibu na ufuko ni shida, kwa sababu mwangwi wa nchi kavu huingia katika mwangwi wa maji na kuuharibu. Sasa mlango wa bahari kati ya Unguja na bara una upana wa kilomita 29 hadi 37. Ukiondoa kilomita kumi na tano kila upande, hubaki ukanda mwembamba katikati, na penye wembamba haubaki hata huo. Njia inayopita watu wengi kuliko zote katika maji ya Tanzania ndiyo ambayo jicho la setilaiti hiyo huiona kwa taabu. Zipo rada nyingine, kama zile za Sentinel-1 zilizoanza kurushwa 2014, ambazo huona upepo kwa upana wa kilomita moja hivi. Lakini hizo hupita, zikaondoka, na hazirudi pahala palepale ila baada ya siku kadhaa.

Mahesabu ya kompyuta nayo yana macho yake. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ambacho kazi yake husifiwa duniani, tangu 2016 hukokotoa hewa ya dunia nzima kwa nukta zilizoachana kilomita tisa hivi. Katika wavu huo Unguja ni nukta chache, Tumbatu ni kama nukta moja, na Chumbe, chenye urefu wa kilomita moja tu, hakipo kabisa. Tena kompyuta haioni kitu kwa nukta moja. Huhitaji kadhaa zilizofuatana ili umbo litokee. Basi ule mpaka wa kivuli na upepo, unaoamua kama abiria atatapika au ataswali, huwa umepotea kabla mtabiri hajakaa mezani. Vipimo vya ardhini navyo kwa desturi vimewekwa katika viwanja vya ndege, kwa ajili ya ndege, katikati ya miti na majengo. Kuutumia upepo wa uwanjani Kisauni kuhukumu bahari ya Nungwi ni sawa na kuonja maji ya kisima ili ujue chumvi ya bahari.

Hapa ndipo hutokea kundi la pili, na nalo halistahili kuachwa lipite. Ni wale wanaosema kwamba vipimo vyote ni porojo za ofisini, kwamba wazee walisoma wingu na mwezi wakafika, na kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hii ya mwisho imewazika watu wengi. Inafaa kwa kumfariji aliyefiwa baada ya mambo kupita. Anayeitumia kabla ya safari anatafuta ruhusa ya kutosikia.

Elimu ya wazee ilikuwa elimu kweli, na kwa hiyo ilikuwa na mipaka yake kama elimu yoyote. Kalenda ya Nairuzi, iliyohesabu siku kwa miongo tangu Siku ya Mwaka, ilimwambia nahodha mwongo gani afunge safari na mwongo gani achopeke chombo. Lakini mwaka wake una siku 365 kamili, bila siku ya kuongeza kila mwaka wa nne. Hivyo huteleza, na katika miaka mia huwa imeachana na jua kwa siku 24 au 25. Waliokuwa wakiitumia vizuri walijua namna ya kuisahihisha kwa kutazama nyota na pepo zenyewe. Ahmad bin Majid, baharia mkubwa wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar, aliandika nyakati za misimu ya kuja na kuondoka pwani ya Zanji, na zimo urjuza zinazonasibishwa naye, mojawapo ikieleza njia ya Sofala. Yaani elimu ya bahari iliwahi kuandikwa kwa mizani na vina ili ikae kifuani mwa mtu asiyeweza kufungua kitabu gizani. Kwa desturi hiyo, mtu hukusanya, huhesabu, hulinganisha, kisha husema kwa maneno yanayoshikika. Anayejificha nyuma ya wazee ili asihesabu kitu hawajui wazee.

Na yapo ambayo elimu hiyo haikuyaona kabisa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sayyid Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu kisiwani, ilhali Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mji ulikuwa umejaa manahodha waliozijua nyota kwa majina. Hakuna aliyekuwa na njia ya kukiona kilichokuwa kikija. Mei 2024 kilikuja Hidaya. Mara hii Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari siku kadhaa kabla, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa, na kimbunga kilipofika Mafia tarehe 4 watu walikuwa wamekwisha kusikia. Asiyeiona tofauti ya 1872 na 2024 hataki kuona.

Lakini mafanikio hayo yenyewe yanaeleza tatizo. Kimbunga ni kitu cha mamia ya kilomita. Setilaiti hukiona kikiwa bado mbali, na jina hupewa. Watu walisikia kwa sababu Hidaya ilikuwa na jina, ilikuwa na mahali, na ilikuwa na saa ya kufika. Upepo wa kila siku wa mlango wa bahari hauna hata kimoja katika taarifa, nao ndio unaochukua mashua moja hapa, ngalawa moja pale, mwaka baada ya mwaka, bila kuandikwa magazetini. Mvuvi anayesikia "upepo mkali" siku kumi, na katika siku saba kati ya hizo akakuta shwari mahali pake, siku ya kumi na moja hasikilizi tena. Mtu huyo si mjinga wala si mkaidi. Amefanya hesabu yake kwa ushahidi aliopewa. Mwenye kuikosesha taarifa mahali pake ndiye aliyemfundisha kuipuuza.

Sasa lugha. Neno "tabiri" lenyewe lilikuja kutoka Kiarabu, ambako taabiri ni kufasiri, hasa kufasiri ndoto. Mtabiri, kwa asili ya jina lake, ni mfasiri. Huchukua lugha ya tarakimu na kuileta katika lugha ya watu. Na mfasiri mbaya hujulikana kwa dalili mbili: hung'ang'ania umbo la sentensi ya kigeni, na hukwepa jina la kitu penye jina. Taarifa za bahari zina dalili zote mbili. "Watumiaji wa bahari" ni kina nani? Kiswahili kina wavuvi, manahodha, mabaharia, wapiga mbizi, wakulima wa mwani, na abiria. Kila mmoja ana hatari yake. "Wachukue tahadhari" ni kufanya nini? Wasitoke, watoke alfajiri warudi kabla ya adhuhuri, wasivuke mkondo wa Nungwi maji yakipwa? Shauri lisilo na kitendo ndani yake halitendeki.

Hata upande wa upepo huharibika katika tafsiri. Elimu ya hewa huuita upepo kwa jina la unakotoka, na huuita mkondo wa maji kwa jina la unakokwenda. Ukiandika "upepo wa kusini" na "mkondo wa kusini" katika taarifa moja, umesema vitu viwili vinavyopigana, na msikilizaji ataelewa kwamba vinakwenda pamoja. Hapo ndipo palipo na wimbi lililosimama, na hapo ndipo sarufi inapoweza kumzamisha mtu. Kiswahili cha pwani kilikwisha kuumaliza utata huo zamani: Kusi ni upepo, kusini ni upande. Maneno hayo mawili yapo, hayana gharama, na yanaachwa.

Asije mtu akasema kwamba kudai maneno ya mabaharia ni kuirudisha sayansi nyuma. Kipimo cha Beaufort, ambacho wataalamu wa dunia nzima wanakitumia hadi leo, hakikuzaliwa katika maabara. Francis Beaufort, afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, alikiandika mwaka 1806 kwa kutazama matanga: upepo wa namba fulani ni ule unaoruhusu manowari kubeba matanga fulani, na wa namba 12 ni ule ambao hakuna tanga litakalostahimili. Jeshi lao lilikikubali rasmi mwaka 1838. Kilomita na mita zilikuja baadaye kuambatishwa. Yaani kilichokuwa lugha ya matanga kwao kiligeuzwa kuwa tarakimu, kisha tarakimu zikaletwa hapa bila matanga, kwa watu ambao bado wana matanga. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ni namba 6 ya Beaufort. Nani amewahi kukaa na wavuvi wa Kizimkazi, wa Kojani na wa Kilwa, akaandika namba 6 ni nini kwa ngalawa, ni nini kwa dau, ni nini kwa mashua ya mota moja? Hiyo si kazi ya fedha nyingi. Ni kazi ya miezi michache, ya mtu wa vipimo na mtu wa lugha wakikaa jamvi moja na wenye bahari.

Waingereza haohao, baada ya tufani ya Oktoba 1859 iliyoizamisha Royal Charter pamoja na mamia ya watu, walimwachia Robert FitzRoy aanzishe tahadhari za dhoruba mwaka 1861. Leo bahari zinazowazunguka zimegawanywa katika maeneo 31, kila moja na jina lake, na redio huyasoma kwa zamu: upande wa upepo, nguvu yake, hali ya bahari, mvua, na umbali wa kuona. Eneo moja lilibadilishwa jina mwaka 2002 likaitwa FitzRoy kwa heshima yake. Majina hayo yamewakaa watu masikioni hata washairi kama Seamus Heaney na Carol Ann Duffy wakayaingiza katika mashairi yao. Hawakuyaingiza kwa sababu watabiri walijitia ushairi. Waliyaingiza kwa sababu taarifa ilikuwa mahususi, na kitu mahususi hukumbukika. Ujumla haukumbukwi na mtu, hata ukitiwa vina.

Majina ya huku hayahitaji kubuniwa. Yapo: mkondo wa Nungwi hadi Mkoani, mlango wa Pemba na Tanga, maji ya Chumbe hadi Dar es Salaam, mashariki ya Unguja nje ya mwamba, mlango wa Mafia, maji ya Rufiji, Songo Songo, Kilwa. Kila moja lina tabia yake, na kila mwenyeji anaijua. Taarifa iyataje moja moja, iseme upepo unatoka wapi, uzidi saa ngapi na upungue saa ngapi, na maji yatakuwa yanakwenda upande gani wakati huo.

Jibu linalotarajiwa kutoka ofisini ni hili: kwamba ukisema wazi hivyo utakosea mara nyingi, na ukikosea utalaumiwa. Ni kweli, watakosea. Lakini kosa linaloonekana hurekebishika, ilhali taarifa isiyoweza kukosea haiwezi pia kuboreka. Mtabiri na aseme, "katika siku kumi kama ya kesho, saba zina Kusi kali Chumbe baada ya adhuhuri," na wavuvi, ambao kwao kubahatisha ni kazi ya kila siku, watamwelewa kuliko anavyodhani. Kisha mwisho wa kila msimu ichapishwe hesabu: ni mara ngapi ilisemwa upepo mkali eneo fulani na ukawa, mara ngapi haukuwa, na mara ngapi ulikuja bila kusemwa. Hesabu hiyo ndiyo usahihi. Bila hiyo, neno "sahihi" ni sifa ambayo ofisi hujipa yenyewe.

Jibu la pili litakuwa la vifaa. Ni la haki, ila halimalizi jambo. Mnara wa taa wa Chumbe umesimama tangu 1904. Ipo minara Ras Nungwi na Ras Kigomasha. Minara hiyo ilijengwa mahali ambapo hatari ipo, na waliochagua mahali hapo hawakukosea. Kipima upepo juu ya kila mmoja kingeipa nchi kile ambacho setilaiti haikioni: upepo wa mlango wenyewe, saa kwa saa, wa kulinganisha na utabiri wa jana. Na manahodha wa boti zinazovuka kila siku wangeweza kutakiwa kuandika upepo na bahari waliyokutana nayo, mahali na saa, katika daftari linalosomwa na mtu.

Wahenga walionya kwamba usisafirie nyota ya mwenzio. Kwa miaka mingi methali hiyo imechukuliwa kuwa ni ya bahati na majaliwa. Mwenye kuisoma kama baharia ataona maana nyingine. Nyota ya mwenzio ilipimwa kwa maji ya mwenzio. Utabiri uliokokotolewa kwa bahari kuu, ukatafsiriwa kwa maneno ya ofisini, ukasomwa kwa pwani nzima kwa mkupuo mmoja, ni nyota ya mwenzio hata kama ni ya kweli angani.

Kusi hurudi kila mwaka, na boti zitajaa kama kawaida. Atakayesikiliza redio jioni kabla ya kuvuka ana haki ya kuambiwa ni upepo gani, wa wapi, wa saa ngapi, kwa jina analolijua. Wenye dhamana wakisema hilo kwa uwazi, watapata pia haki ya kumlaumu asiyesikia.